MOTO UPI?
Haki ya fidia kwa mzimamoto aliyeugua kwa sababu ya kazi yake

Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani



Nimeombwa niseme juu ya fidia ya wafanyakazi. Hilo ni somo pana, na wengi wenu mnalijua kwa upande wa ajali: kidole kilichokatwa na mashine, fundi aliyeanguka kutoka juu ya jengo, dereva aliyevunjika mguu. Leo nitagusa sehemu moja ya somo hilo isiyokuwa na damu wala kelele. Nitasema juu ya mfanyakazi ambaye kazi yake inamwua polepole, na ugonjwa ukajitokeza wakati ameshasahaulika. Nimemchagua mzimamoto awe mfano wetu. Mimi mwenyewe nilikuwa mzimamoto kwa miaka 26 katika manispaa moja hapa Kenya, na katika jambo hili nina deni ambalo sijamaliza kulilipa.

1. Mjane na swali la ofisini

Katika kituo chetu alikuwapo kiongozi wa zamu ambaye sote tulimwita Mzee, ijapokuwa alikuwa bado na nguvu za kijana. Katika kila moto yeye aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hakuvuta sigara, wala hakunywa pombe. Mwaka 2014, baada ya kustaafu, alianza kukojoa damu. Hospitali ikasema ni saratani ya kibofu cha mkojo. Familia iliuza ng'ombe, kisha ikauza sehemu ya shamba. Alifariki mwaka 2016, akawaacha mke na watoto wanne, wawili wao wakiwa bado shuleni.

Mjane wake alikwenda kwenye ofisi ya mwajiri kudai fidia. Afisa alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Mama, ni moto upi uliomdhuru mume wako?"

Jioni ile alikuja nyumbani kwangu. Alikaa, akanywa chai, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shemeji, wewe ulikuwa naye miaka yote. Nenda ukawaambie ni moto upi."

Sikuwa na jibu, kwa sababu mioto ilikuwa mingi mno. Ulikuwapo moto wa ghala la rangi, na wa karakana ya magodoro, na wa duka la matairi ulioendelea kutoa moshi siku mbili baada ya kuzimwa. Zilikuwapo nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto, ambazo mapaa yake yalipasuka kwa mlio kama wa bunduki na kutumwagia vumbi jeupe vichwani. Ningetaja upi na kuacha upi?

Tena lilikuwapo jambo zito zaidi. Kitabu cha matukio cha kituo, katika zamu yetu, kiliandikwa na mimi. Kwa moto ule wa ghala la rangi niliandika saa tuliyoitwa, saa tuliyofika, idadi ya magari na idadi ya askari, na mwishoni, kama ilivyokuwa desturi, nikaandika: "Hakuna aliyeumia." Kwa siku tatu baada ya moto ule tulikohoa makohozi meusi. Lakini kwa lugha ya kazi yetu, kuumia kulikuwa ni kuungua au kuvunjika, kukohoa hakukuhesabiwa. Maneno yale mawili niliyaandika kwa fahari. Miaka mingi baadaye yalisomwa ofisini kama ushahidi dhidi ya mjane wa rafiki yangu. Vitabu vingine, ambavyo huenda vingemsaidia, havikuonekana tena tangu manispaa ilipokabidhi shughuli zake kwa serikali ya kaunti mwaka 2013.

Madai yakafungwa. Hakuna aliyemtukana mama yule, wala hakuna aliyemwomba hongo. Haki yake ilipotea kwa adabu na kwa utaratibu, na ndiyo maana nasema haitoshi sisi kupiga vita rushwa peke yake. Ni lazima pia tuulize kama maswali yanayoulizwa na ofisi zetu ni maswali ya haki.

2. Moshi umebeba nini?

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Kwa mzimamoto methali hiyo ina sehemu ya pili: moto ukishazimwa, moshi hubaki ndani yake.

Zamani tuliamini kwamba hatari za kazi yetu ni miali, ukuta unaoanguka, na kukosa hewa. Lakini moshi wa jengo la siku hizi si moshi wa kuni. Godoro, zulia, nyaya za umeme, rangi na vyombo vya plastiki vinapoungua hutoa sumu nyingi, zikiwamo benzini na fomaldehaidi, pamoja na masizi yaliyobeba kemikali zinazosababisha saratani. Sumu hizo huingia kwa njia ya pumzi, na nyingine hupenya kupitia ngozi, hasa ya shingo na uso. Tena hatari haiishi miali inapozimika. Wakati wa kufukua vifusi kutafuta makaa yaliyofichika, watu wamechoka na wana joto. Wengi huvua barakoa, na hapo ndipo huvuta yale yaliyobaki hewani. Hatimaye nguo zenye masizi hupelekwa nyumbani na kufuliwa katika beseni moja na nguo za watoto. Sisi tulifanya hivyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyetukataza.

Wataalamu wamesema nini? Lipo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Mwaka 2007 wataalamu wake waliichunguza kazi ya mzimamoto, wakasema kwamba huenda inasababisha saratani. Mwezi Juni 2022 walikutana tena, wataalamu 25 kutoka nchi 8, wakaondoa neno "huenda". Waliiweka kazi ya mzimamoto katika Kundi la 1, yaani kundi la mambo ambayo imethibitika kwamba yanasababisha saratani kwa binadamu. Walisema ushahidi unatosha kwa saratani mbili: ile ya utando unaozunguka mapafu, iitwayo mesotelioma, na ile ya kibofu cha mkojo. Kwa saratani nyingine kadhaa, kama za utumbo mpana, tezi dume na korodani, walisema upo ushahidi, ingawa bado ni mdogo.

Saratani ya kibofu ndiyo iliyomwua Mzee.

Hapa natafuta ukweli, wala sitaki kuwatia hofu. Si kila mzimamoto atapata saratani, na si kila saratani ya mzimamoto imetoka kazini. Elimu hii hupatikana kwa kulinganisha maelfu ya watu kwa miaka mingi. Hakuna daktari awezaye kuchukua uvimbe wa mtu mmoja na kusoma ndani yake jina la moto uliouleta. Mesotelioma, kwa mfano, yaweza kujitokeza miaka 20, 30 au hata 40 baada ya mtu kuvuta vumbi la asbesto. Kwa hiyo swali "Moto upi?" halina mtu wa kulijibu. Ofisi inayolifanya kuwa sharti la malipo imekwisha kukataa kabla mjane hajafungua kinywa.

3. Sheria yetu inasemaje?

Sheria inayohusika hapa Kenya ni ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, Na. 13 ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita kwa kifupisho chake, WIBA. Ilianza kutumika mwaka 2008 mahali pa sheria ya zamani, Sura ya 236. Inawahusu wafanyakazi wa watu binafsi na wa Serikali vilevile, isipokuwa wanajeshi. Kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa kaunti, mzimamoto wa kaunti analindwa na sheria hii kama mfanyakazi wa kiwandani.

Naomba viongozi myashike mambo yafuatayo, kwa maana mtaulizwa:

Kwanza, sheria hailipi majeraha peke yake. Ugonjwa uliotokana na kazi nao hulipwa kana kwamba umeletwa na ajali.

Pili, gharama za matibabu zinazostahili hubebwa na mwajiri. Mfanyakazi asiyeweza kazi kwa muda hulipwa kiasi cha mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mapato ya miezi 96. Akifa, wale waliomtegemea wana haki ya malipo, pamoja na gharama za mazishi.

Tatu, madai yana muda. Katika kifo, yaletwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Mjane anayengoja kumaliza matanga, kisha mavuno, kisha ada za shule, aweza kuikuta haki yake imekwisha.

Nne, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini aweza kumpelekea pingamizi ndani ya siku 60. Akijibiwa na bado hajaridhika, anazo siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba njia hii ya kuanzia kwa Mkurugenzi ni halali kwa Katiba.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika milango miwili ambayo ugonjwa hupitia. Mlango wa kwanza ni jedwali la magonjwa. Ugonjwa ukiwa umeandikwa humo pamoja na kazi inayouleta, na mgonjwa aliifanya kazi hiyo, sheria yenyewe hudhani kwamba ugonjwa umetoka kazini, mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Mlango wa pili ni wa magonjwa mengine yote. Huko mgonjwa mwenyewe ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Mlango wa kwanza una mlinzi anayekukaribisha, wa pili una mlinzi anayekuuliza, "Moto upi?"

Kumbukeni anayeulizwa ni nani. Ni mtu aliye kitandani, au mjane asiyekanyaga kituoni hata siku moja. Na anayeuliza ndiye mwenye vitabu vya kazi, mwenye mawakili, mwenye kampuni ya bima. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tunamwuliza mgonjwa hata kuni zilizopikia uji huo zilitoka msitu gani.

Kanisa limelisema hili waziwazi. Katika barua yake juu ya kazi ya binadamu ya mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba matibabu yampasa mfanyakazi kuyapata kwa urahisi, hasa anapoumia kazini, tena kwa gharama ndogo au bila malipo kadiri inavyowezekana. Kwa mafundisho hayo kazi imewekwa kwa ajili ya mtu. Anayetoa afya yake kwa ajili ya nyumba za wengine asiachwe kuuza shamba ili apate dawa.

4. Wengine wamefanya nini?

Njia ya kuondoa ugumu huu inajulikana, na imejaribiwa. Ni kuandika katika sheria kwamba saratani fulani, zikimpata mtu aliyekuwa mzimamoto kwa muda uliowekwa, zitadhaniwa kuwa zimetoka kazini. Mwajiri akiona sivyo, yeye ndiye alete ushahidi.

Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1982. Jimbo la Manitoba, Kanada, lilifanya hivyo mwaka 2002 kwa saratani tano, mojawapo ikiwa ile ya kibofu, na majimbo mengine ya Kanada yakafuata. Mwezi Desemba 2022 Marekani iliwapa haki hiyo wazimamoto walioajiriwa na Serikali kuu ya nchi.

Mfano unaotia uchungu zaidi ni wa New York. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo mawili marefu yalipoporomoka, watu 343 wa Idara ya Zimamoto ya jiji hilo walikufa siku moja. Wenzao walibaki katika vifusi kwa miezi kadhaa wakivuta vumbi na moshi. Mwaka 2005 jimbo hilo lilitunga sheria ya kudhani kwamba magonjwa fulani ya watumishi waliofanya kazi mahali pale yametokana na kazi hiyo. Mwezi Septemba 2023 idara ilitangaza kwamba idadi ya watu wake waliokufa kwa magonjwa ya vifusi vile imefikia 343, sawasawa na wale waliokufa siku ile. Wale wa kwanza walikufa mbele ya macho ya dunia nzima. Wale wa pili walikufa mmoja mmoja, katika muda wa miaka 22, kila mmoja kitandani kwake.

Wapo watakaosema: hizo ni nchi tajiri, kaunti zetu hazina fedha. Hoja hiyo nastahili kuijibu kwa heshima. Dhana ya kisheria haifungui hazina kwa kila mtu. Yaweza kuwekewa idadi ya miaka ya utumishi na orodha ya magonjwa yenye ushahidi. Tena yaweza kupingwa, kama mwajiri ana ushahidi kwamba ugonjwa una chanzo kingine. Na gharama haiondoki kwa kukataa kulipa; inahamia tu. Ilihamia kwa ng'ombe wa Mzee, ikahamia kwa shamba lake, ikahamia kwa mtoto wake wa tatu aliyeacha shule. Mnapofanya harambee ya hospitali kwa ajili ya mfanyakazi aliyeumizwa na kazi, mnafanya tendo jema la huruma. Lakini jueni kwamba mnalipa deni la mtu mwingine.

5. Tufanye nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nianze na daftari.

Kila mzimamoto, na kila mfanyakazi anayeshika sumu au kuvuta vumbi, awe na daftari lake mwenyewe, nyumbani. Aandike tarehe, mahali, kilichoungua, muda aliokaa ndani ya moshi, kama alikuwa na mtungi wa hewa au hakuwa nao, na jinsi alivyojisikia siku zilizofuata. Mkewe, au mumewe, ajue daftari liko wapi.

Vituo viache kuandika "Hakuna aliyeumia" kama mhuri. Viandike majina ya walioingia katika moshi, na vitabu hivyo vitunzwe hata baada ya watu kustaafu.

Mtu akiambiwa na daktari kwamba ana saratani au ugonjwa wa mapafu, amweleze daktari kazi aliyoifanya na kumwomba aiandike katika faili. Kisha ampe mwajiri taarifa kwa barua, abaki na nakala, na nakala nyingine aipeleke katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini. Asingoje kupona kwanza.

Waajiri wakumbushwe wajibu wao chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007: vifaa vya kinga vinavyofaa, na bila kumtoza mfanyakazi. Barakoa, mavazi ya akiba, mahali pa kuoga na kufulia kituoni, na uchunguzi wa afya wa mara kwa mara hugharimu kidogo kuliko matibabu ya saratani.

Mwisho, tupeleke sauti yetu. Kaunti zinapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, tuwepo, tuulize ni kiasi gani kimetengwa kwa kinga na bima ya wazimamoto. Na tuwaombe wabunge wetu na Wizara inayohusika na kazi waandike waziwazi katika jedwali la magonjwa kwamba kazi ya mzimamoto huleta saratani hizi, ili mjane asiulizwe tena swali lisilo na jibu.

Ndugu zangu, nilisema nina deni. Mwaka jana niliwatafuta wenzangu wa zamu ile tuliobaki hai. Tuko watano. Tulikaa siku mbili, tukaandika mioto yote tuliyoikumbuka, mwaka kwa mwaka, na kila mmoja akatia sahihi. Tulipofika kwenye ghala la rangi, niliandika: "Watu sita waliingia. Wote walikohoa makohozi meusi siku tatu." Nakala moja nilimpelekea shemeji yangu. Alisoma ukurasa ule, akaniambia, "Umechelewa, lakini umeandika." Mmoja wetu watano sasa ameanza kuona damu katika mkojo, na safari hii barua imekwisha kupelekwa.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyeugua kwa sababu ya kazi yake? Ni nani anayebeba gharama ya ugonjwa huo sasa?

2. Kati ya mgonjwa na mwajiri, ni nani aliye na uwezo zaidi wa kuleta ushahidi? Basi mzigo wa kuthibitisha umwangukie nani?

3. Wafanyakazi wa hapa kwetu, wa mashambani, viwandani, machimboni na karakanani, wanavuta nini na kushika nini kila siku? Wana daftari?

4. Tumchague nani katika jumuiya yetu awasaidie wajane na wagonjwa kuandika barua za madai kabla muda haujapita?